Siku Bibi Alipotuchekesha

Wiki iliyopita mvua ilitufungia ndani hapa Ipuli, mjini Tabora, umeme ukakatika, na wajukuu zangu wanne wakaanza kugombana kama kuku waliotiwa tenga moja. Mke wa mwanangu ana duka la vitenge Kanyenye, na siku hiyo hakwenda kulifungua. Akanigeukia akasema, "Mama, wachangamshe basi hawa. Wape hadithi yoyote, hata ya uongo, ili mradi watulie."

Nikamwambia sihadithii.

Akacheka, akadhani nimechoka. "Hata kidogo tu, mama. Watoto si wa kudanganywa tu?"

Nikanyanyuka, nikachukua kiti changu nikaenda kukaa barazani, mvua inanirushia matone miguuni. Wajukuu wanasema bibi yao ni mkali. Ni kweli, mimi ni mkali, na siombi radhi. Lakini siku ile sikuwakasirikia wao, wala mke wa mwanangu, ambaye maskini hakusema lolote baya. Nililikasirikia neno lenyewe. Watoto ni wa kudanganywa. Hasira hiyo ninayo tangu sijamaliza kung'oka meno ya utoto, na nimeona heri niiandike kuliko kufa nayo. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, mwanangu wa kwanza nimembeba mgongoni, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe. Nawaandikia nyie wenzangu wa umri wangu, mliohamishwa. Nyie hamhitaji kuelezwa sana.

Kwetu kulikuwa porini, upande wa Kigwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu mpaka uione reli. Nyumba ya bibi yangu mzaa baba ilikuwa ya duara, kuta za udongo, paa la nyasi limeshuka mpaka mtu mzima anainama kuingia. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na shamba la karanga. Shamba hilo nataka mlielewe, maana ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Mwaka ule mahindi yaliungua na jua mwanzo wa msimu, mvua ikaja imechelewa, na kilichosalimika ni karanga tu. Zilikuwa zimeshatoa maua ya njano, zimeanza kuweka maganda chini ya udongo. Bado mwezi mmoja. Kila aliyetaka kula katika nyumba ile alikuwa anazingoja karanga zile.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijijini. Baba na mama, pamoja na baba mdogo na mkewe, walikuwa wameshachukuliwa wiki iliyotangulia kwenda kukata miti ya kujengea kule kijiji kipya, kando ya barabara ya zamani waliyopita wapagazi, wale wabeba mizigo wa misafara. Nyumbani tukabaki na bibi sisi wanne: mimi Kabula, miaka minane hivi, mdogo wangu Shija, ambaye hajafikisha mitatu, na watoto wa baba mdogo, Tatu aliyenizidi kidogo, na mdogo wake Sado.

Bibi hakukataa kuhama. Hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu siku hizi wapo wanaosimulia kana kwamba wazee wetu walikuwa wajinga waliogombana na maendeleo. Bibi aliwaambia mbele ya mkutano, nikiwa nimeshika kanga yake: "Shule naitaka. Kisima nakitaka. Zahanati naitaka. Lakini karanga haina miguu. Nipeni mwezi mmoja." Watu walicheka. Wale wakubwa waliokuja na mkutano wao nao walicheka, wakaandika, na mwezi hawakutoa.

Siku moja kabla ya kuja kututoa, alasiri, alikuja babu Maganga. Alikuwa mdogo wake bibi, na ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alipewa kigoda, hakukikalia. Alichuchumaa jikoni na bibi. Mimi nilikuwa nje ya ukuta nachambua majani ya kunde, na Tatu kando yangu anatwanga. Kila mchi ulipoanguka kinuni, maneno kadhaa yalinipotea. Haya nitakayoyaandika sasa niliyapata yote kwa babu Maganga mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa mzee wa kuongozwa kwa fimbo, mimi nimeshazaa.

"Dada, operesheni kesho," alisema.

"Kesho, na mvua hii?"

"Na mvua hiihii. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaezua. Trekta limeshafika."

"Nimewaomba mwezi."

"Hawana mwezi. Sasa sikiliza, lakini mimi sijakwambia kitu. Kule walikotoka boriti nusura imwue mtoto. Wameonywa wasiguse paa la nyumba yenye mtoto ndani. Nyumba zenye watoto wanaziandika tu, wanazipita, waje siku nyingine. Siku nyingine ni lini, hata wao hawajui. Trekta lenyewe moja, na matope haya."

"Basi watoto watakaa ndani."

"Kutwa? Hawa wako?"

"Nitawashika."

"Waambie, basi, dada. Waambie kwa nini."

"Niwaambie nini? Mtoto ukimwambia siri, jioni siri imeshalala kwa jirani. Nitawachekesha."

Hapo babu Maganga aliangua kicheko, hicho nilikisikia vizuri. "Wewe? Wewe dada uchekeshe watoto? Watakimbia!"

Yeye alinisimulia hilo huku anacheka tena, uzee wote ule. Mimi sikucheka.

Kwa sababu siku ile nje ya ukuta, katikati ya mchi na mchi, mimi nilisikia haya tu: operesheni, kesho, nyumba kwa nyumba, watoto ndani, wanaziandika. Na neno operesheni mimi nilikuwa nalijua. Hakuna mtoto pale kwetu aliyelijua kunishinda.

Mwaka mmoja nyuma mama yangu alipelekwa hospitali mjini Tabora na mimba ambayo mtoto alikuwa amelala vibaya. Alirudi bila mtoto, na tumboni ana mshono ulioanza kitovuni ukashuka chini, umevimba, unang'aa. Alinionyesha alipokuwa anaoga. Nikaugusa kwa kidole, nikauliza hii nini. Akasema, "Operesheni." Nikamwuliza alilia? Akasema hapana, kulikuwa na nesi mmoja mcheshi sana. "Alinichekesha, mwanangu, mpaka nikasahau kuogopa. Akanipigia hadithi za kwao, mara usingizi ukanichukua. Naamka, wameshanipasua." Mama alisema hivyo kumsifu yule nesi. Mimi sikusikia sifa. Mimi nilijifunza utaratibu: kwanza wanakuchekesha, halafu wanakuhadithia, halafu unalala, halafu kisu.

Sasa ingieni ndani na mimi siku ile, na kichwa hicho cha miaka minane.

Tuliamka mvua inanyesha. Siku nyingine yoyote bibi angekuwa ameshatufukuza kitandani, huyu maji, huyu kuni, huyu mbuzi, kunyeshe kusinyeshe. Siku hiyo alikuwa ameketi karibu na moto anatutazama, na mlango ameuzuia kwa mchi, ameukingamisha kama komeo. Sado akataka kutoka kukojoa. Bibi akamwonyesha chungu kibovu pembeni.

"Humo?" Tatu akashangaa. "Bibi, tukojoe ndani kama wagonjwa?"

"Kama wagonjwa," bibi akasema. "Leo hakuna kutoka."

Nikamtazama Tatu. Tatu alikuwa anacheka.

Kisha bibi akapanda darini, akashusha kibuyu cha asali. Asali ile ilikuwa ya wageni; mimi nilikuwa nimeshachapwa kwa kulamba kizibo chake. Akachemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akaimwagia asali mpaka ikaogelea, akatuwekea mbele.

"Tunamgojea nani?" nikauliza.

"Nyie ndio wageni wa leo. Kuleni."

Michembe ya viazi na asali, na mvua juu ya nyasi. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo natoka nje. Wenzangu walikula mpaka wakalamba vidole vya miguu. Mimi nilitafuna polepole namwangalia bibi, na bibi akanitabasamia. Msidhani natia chumvi: bibi yule alikuwa hatabasamii watoto. Alikuwa na jino moja la pembeni la rangi ya kahawia, na mimi nililiona mara ya kwanza siku hiyo.

Alitufunga vifurushi vya matambara, akatutwika kila mtu chake kichwani, hata Shija cha kwake kidogo. Akachukua mwiko akausimamisha begani. "Mimi kirangozi," akasema, "mbele ya msafara. Nyie wapagazi wangu. Tunakwenda pwani." Tukaanza kuzunguka nguzo ya katikati. Anayeangusha mzigo anabweka kama mbwa. Bibi alikuwa anaita majina ya vituo, ya kweli na ya kubuni, anatuonya hapa kuna simba, hapa kuna mto, vueni viatu, na sisi hatujawahi kuvaa viatu. Mtungi wa maji ndio ulikuwa bahari. Tulipoufikia akatunyunyizia maji akasema ni mawimbi. Sado alicheka mpaka akakojoa pale pale, hata chungu hakukifikia. Bibi hakumpiga. Akacheka naye. Halafu akakunja kanga kiunoni akatuchezea ngoma, mwanamke yule aliyekuwa akiumwa magoti, akateleza, akakaa chini puu, akacheka tena.

Wenzangu walikuwa wanalia kwa kicheko. Mimi kila alivyozidi kuchekesha ndivyo nilivyozidi kuganda.

Tukaanza kusikia trekta. Linanguruma, linakwama, linanguruma. Halafu shoka. Halafu sauti ya mwanamke upande wa majirani, anapiga kelele neno moja tu, "Taratibu! Taratibu!" Kwa mvua ile nyasi zisingeshika moto, kwa hiyo walikuwa wanafunga kamba kwenye boriti, trekta linavuta. Kishindo kilipokuja, vumbi la paa letu lilianguka kwenye michembe.

"Nini hiyo?" Sado akauliza.

"Radi," bibi akasema.

"Radi ina trekta?" Tatu akasema, na bibi akamkata jicho, kisha akakumbuka kwamba leo ni siku ya kucheka, akamtekenya.

Nikajikaza, nikamsogelea. "Bibi. Operesheni inauma?"

Aligeuka upesi. "Nani amekwambia habari ya operesheni?"

"Nimesikia tu."

Akavuta kuni motoni. "Inauma," akasema. "Inauma sana. Lakini ikishapita imepita."

"Na sisi tumeandikwa?"

"Leo ndiyo tutaandikwa."

"Na Shija?"

"Hasa Shija. Mdogo ndiye wanayemwangalia zaidi. Sasa acha maswali, njoo ucheze na wenzio."

Mnaona? Nilimwuliza mara tatu. Mara tatu mtoto amesimama mbele yake na swali mkononi, na mara tatu akanijibu ukweli wa kwake, mimi nikaupokea kwa maana ya kwangu. Neno moja zaidi lingetosha. Angesema "paa." Angesema "wanataka kuezua nyumba, karanga zetu zitapotea, mkitoka tu tumekwisha." Maneno mangapi hayo? Hayamalizi hata pumzi moja. Lakini mtoto si wa kuambiwa. Mtoto ni wa kuchekeshwa.

Mlango ukagongwa. Bibi hakuuondoa mchi. Akafungua ufa tu, na ufani nikamwona mtu amevaa koti refu la mvua, la plastiki, jeupe, limemfika miguuni. Jeupe, wenzangu. Ana daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kuna watoto humu, bibi?"

"Wanne."

"Niwaone."

Bibi akamnyanyua Shija, akamsogeza ufani. Yule bwana akaingiza mkono, akamchoma Shija tumboni kwa kidole. "Huyu! Tumbo hili limejaa nini?"

"Michembe!" Shija akasema, anajivuna.

Yule bwana akacheka, akaandika. Kisha akasema, "Tutapita tena jioni kabla ya kuondoka. Watoto wakiwamo ndani, tutaiacha. Nikikuta hamna mtoto ndani, bibi, usinilaumu."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia na sikuyasikia. Nilikuwa nakiangalia kidole chake.

Mchana ukawa mrefu. Michezo ilimwishia bibi. Tulikuwa tumeshakwenda pwani na kurudi mara sita, tumebangua karanga za mbegu kwa kushindana, tumecheza bao kwenye vishimo vya sakafu mpaka Tatu akaiba kete na wakapigana na Sado. Shija alikuwa analia anataka nje. Kila mtoto alikuwa anautazama mlango. Basi bibi akafanya jambo ambalo lilinimaliza kabisa: akachukua matambara akaziba kila ufa wa mlango na kila tundu la ukuta, mpaka ndani kukawa giza, moto tu unaonekana.

"Nitawapa hadithi," akasema.

Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Kila mtoto alilijua hilo kabla ya kujua jina lake. Ukihadithia mchana utaota pembe.

"Bibi, tutaota pembe," Tatu akasema, na safari hii hakuwa anacheka.

"Pembe za nini? Sasa ni usiku. Hamwoni giza?"

Akaanza. Sikumbuki hata ilikuwa hadithi ya nani, sungura au jini. Nakumbuka sauti. Bibi alikuwa na sauti ya kuitia mbuzi, na siku hiyo aliishusha ikawa laini, inakwenda na mvua, inakwenda na mvua, na macho ya Sado yakaanza kufumba. Shija alikuwa amelala nusu mapajani mwangu.

"Laleni, wanangu," bibi akasema. "Laleni tu. Mkiamka yatakuwa yamekwisha."

Nikamnong'oneza Tatu sikioni: "Usilale. Tukilala wanatupasua. Ni operesheni, kama ya mama. Amemwonyesha yule daktari tumbo la Shija."

Tatu alikuwa ameuona mshono wa mama. Akanisogelea. "Bibi kakubali?"

"Kakubali. Si kamwambia tupo wanne?"

Nikamfinya Shija aamke. Akapiga yowe. Bibi akanikaripia, "Mwache mtoto alale!" na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutwa nzima kusema kwa sauti yake ya kweli. Wakati huohuo trekta likasikika linakaribia. Bibi akanyanyuka, akaenda kuchungulia upande wa pili, akavuta tambara moja, akaweka jicho kwenye tundu. Mgongo wake ukawa kwangu.

Niliutoa mchi. Ulikuwa mzito, sijui nguvu nilizipata wapi. Nikambeba Shija mgongoni bila kanga, nikamshika kwa mikono nyuma, nikatoka mvuani nakimbia. Tatu akamburura Sado. Tukapita katikati ya karanga, tunazikanyaga, matope mpaka magotini, tukaenda kujificha nyuma ya kichuguu.

"Kabula!" bibi aliita. "Kabula! Rudini ndani! Tatu! Nawaomba, wanangu! Nawaomba rudini!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia bibi akimwomba mtu. Sado alisimama, akataka kurudi. Tatu akamvuta. Bibi akatufuata, magoti yale, akaanguka kwenye matuta, akainuka, akaanguka. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na yule bwana wa koti jeupe alikuwa ameshafika mlangoni. Akainama, akachungulia. Akaingia, akatoka. Akawaashiria watu wake kwa mkono.

Walifunga kamba. Trekta likavuta mara ya kwanza likateleza. Mara ya pili paa likasogea, likasimama kidogo limekaa upande kama kofia ya mlevi, kisha likaanguka zima, na moshi wa moto wetu ukapanda katika mvua.

Mimi nilifurahi. Hilo nalo lazima niliandike. Nilimkumbatia Shija kwa nguvu, nikampapasa tumbo lake zima, halina hata alama, nikafurahi.

Bibi alikuwa amemkamata Sado mkono, anamburura kurudi nyumbani. "Hawa hapa watoto!" anapiga kelele. "Watoto wapo! Si hawa hapa?"

"Ndani, bibi," yule bwana akasema. Hakuwa hata na ukali. Alikuwa anatazama daftari lake lisilowe. "Nilikwambia ndani. Nasi mvua inatunyeshea, tuna nyumba nyingi."

Mtu huyo sijui jina lake, na bora sijui. Alikuwa na nafasi ya kungoja tutembee hatua hamsini. Ningemwona leo, hata awe mzee wa kulishwa, ningemwuliza hizo hatua hamsini zilimgharimu nini.

Tulipakiwa kwenye tela na vyungu vyetu, kondoo na kuku wa watu, na jirani yule wa "taratibu". Bibi hakunipiga. Nilikuwa namngoja anipige, na ningeshukuru. Tulikwenda mwendo mrefu, mvua inatupiga usoni, ndipo akaniuliza, bila kunitazama, "Kwa nini ulitoka?"

"Nisipasuliwe."

"Nani alikwambia utapasuliwa?"

"Wewe."

Akanigeukia. Nikamweleza yote, tumbo la mama, nesi mcheshi, asali, pwani, hadithi ya mchana, kidole. Nilimweleza nalia. "Nilikuuliza, bibi. Nikakuuliza inauma, ukasema inauma. Nikakuuliza Shija, ukasema hasa Shija."

Jirani mmoja aliyekuwa anasikiliza akacheka kidogo, kama watu wanavyochekea mambo ya watoto. Bibi akamwambia, "Wewe, nyamaza."

Nimeishi na siku hiyo maisha yangu yote, na hasira yangu imeshakwenda kila mahali. Imekwenda kwa yule bwana. Imekwenda kwa waliokaa mahali pakavu wakaamua kwamba watu wahamishwe masika, karanga zikiwa ardhini. Imekwenda kwangu, kwa miguu yangu ile midogo. Lakini inarudi kwa bibi, na ndiyo inayoniuma zaidi, maana nilimpenda. Alikuwa na askari wanne mle ndani, akatufanya wapagazi wa mchezo. Nami ningebaki! Ningeambiwa kwamba nyumba inasimama kwa sababu ya makalio yangu juu ya sakafu ile, ningeketi pale mlangoni nimepanua miguu kutwa nzima, bila asali, bila hadithi, na kesho yake ningeketi tena, na mwezi mzima. Shija ningemfunga kwa kamba kwenye nguzo. Mnadhani nasema hivi kwa sababu ni mtu mzima? Kaeni mkumbuke mlivyokuwa na miaka minane. Tulikuwa hatuchekeshwi, tulikuwa tunachota maji na kulea wadogo zetu. Tungeweza.

Wiki chache baadaye mvua ilipokatika, bibi aliniambia nimfuate. Hakumchukua Tatu wala mama, alinichukua mimi. Tuliondoka alfajiri na jembe moja na magunia mawili yamekunjwa, tukatembea mpaka jua likawa kichwani. Kuta za nyumba yetu zilikuwa zimeyeyuka upande mmoja. Shambani nguruwe pori walikuwa wametutangulia. Walikuwa wamelichimbua shamba lote, tuta kwa tuta, kwa uangalifu kuliko sisi wenyewe. Bibi alipiga jembe hapa, akapiga pale, akapata maganda. Kwenye pembe moja tulipata mashina machache yaliyosalia. Tuliyang'oa, tukayakung'uta. Karanga zikaenea kwenye ncha ya kanga yangu, magunia hatukuyakunjua.

Aliketi juu ya tuta. Nikakaa kando yake nangoja aniambie kwamba baba ataleta chakula, au mjini wanagawa mahindi, au lolote la namna hiyo.

"Kabula, sikiliza," akasema. "Karanga hakuna. Mahindi ya msaada wanasema yatakuja, mimi sijui kama yatakuja. Baba yako ana debe moja na nusu la mtama, na midomo ni tisa. Mpaka msimu mwingine tutakula mara moja kwa siku, na siku nyingine hatutakula. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una swali?"

"Shija naye mara moja?"

Alinitazama machoni, vile alivyokuwa anawatazama watu wazima wenzake.

"Shija mara mbili," akasema. "Mimi na wewe mara moja."

Nikasema sawa. Njaa ile ilikuja kama alivyosema, ikatushika mpaka nywele zikabadilika rangi. Wenzangu walilia. Mimi sikulia hata siku moja.